Katoka kwenye mashine, sasa anapaliwa na chai

Barua za safari hii zimetoka wodini na majumbani, na karibu zote zinauliza jambo moja: mgonjwa aliyekuwa mahututi ameanza kupata nafuu, lakini kumeza kumekuwa shida. Tumechagua saba. Wanaojibu ni jopo letu la wauguzi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), mtaalamu wa tiba ya usemi na kumeza, na mtaalamu wa lishe.

SWALI: Shikamooni. Baba yangu ana miaka 61. Alilala ICU na mpira wa kupumulia mdomoni kwa siku 9. Ulipotolewa tulimshukuru Mungu, na jioni ile ile tukampa chai. Alipaliwa hadi machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo uji unapita, ila maji na chai vinamkohoza, na sauti yake imekuwa kama ya mtu anayesukutua. Shangazi anasema koo limekauka tu, tumpe kidogo kidogo atazoea. Tufanyeje? — Binti wa mgonjwa, Morogoro

JIBU: Marahaba binti, na pole kwa kuuguza. Acheni kwanza maji na chai. Leo hii mwambieni muuguzi mliyoyaona, kwa maneno hayo hayo uliyotuandikia, hasa hilo la sauti. Na uji nao usubiri hadi apimwe. Koo la baba halijakauka. Limeumia na kudhoofika, na koo la namna hiyo halizoezwi kwa kumwagiwa maji.

Mpira wa kupumulia hupita mdomoni, ukapenya katikati ya nyuzi za sauti na kuingia kwenye njia ya hewa. Nyuzi hizo ndizo mlango. Ukimeza hujifunga, kongomeo hupanda juu (mtazame mwanamume akimeza, utaliona likiruka shingoni), kidakatonge hufunika, pumzi husimama kwa kitambo cha kama sekunde moja, kisha chakula huteleza kwenda kwenye umio. Sasa mlango ulioshikiliwa wazi kwa siku 9 hubaki umevimba na umechubuka, tena umekufa ganzi. Misuli ya ulimi na koo haikufanya kazi siku zote hizo, nayo hunyong'onyea kama mguu uliotoka kwenye plasta. Ongeza masalia ya dawa za usingizi, na pumzi za haraka zisizompa nafasi ya kusimamisha hewa na kumeza. Anapaliwa.

Wahudumu wa ICU huwa macho zaidi pale mpira unapozidi saa 48. Ni wangapi hupata shida hii? Inategemea nani kapima na kwa njia gani: utafiti wa hospitali moja ya Bern, Uswisi, uliotolewa 2017, ulikuta 12.4% ya waliotolewa mpira, wakati mapitio ya tafiti nyingi yaliyotoka 2020 yalikuta takribani 41%. Kwa vyovyote, baba yako hayuko peke yake.

Maji yanamshinda kwa sababu yanakimbia. Yanafika kooni kabla mlango haujafungwa. Uji huenda polepole, ukampa koo nafasi ya kujipanga. Ile sauti ya kusukutua ni majimaji yaliyokaa juu ya nyuzi za sauti, na pumzi moja tu inatosha kuyavuta kwenda mapafuni.

Tunachokiogopa zaidi, hata hivyo, ni mgonjwa asiyekohoa. Kikohozi ni mlinzi, na kikisikika ujue mlinzi yupo kazini. Koo lililokufa ganzi hupitisha chai hadi mapafuni kimya kimya, ndugu wakasema "leo amekunywa vizuri", halafu baada ya siku mbili homa inapanda, anahema haraka, na nimonia imeshaingia. Ndiyo maana hatusemi mtu anameza salama kwa kumtazama tu. Apimwe kabla ya funda la kwanza. Wengi hurejea ndani ya siku kadhaa au wiki chache. Wachache huchukua miezi.

SWALI: Ni muuguzi wa wodi ya hospitali ya wilaya. Wagonjwa wanashushwa kutoka ICU bila maelezo ya kumeza, nasi hatuna mtaalamu. Tunawapimaje kitandani? Mwenzangu hugusa koo na kijiti aone kama mgonjwa atataka kutapika. — Muuguzi, Mwanza

JIBU: Kijiti kiachwe. Mtu mzima mwenye afya njema anaweza kuguswa koo asishtuke na bado akameza salama, na anayeshtuka anaweza kuwa anapaliwa kila siku. Kipimo hicho hakikuambii kitu kuhusu kumeza.

Kwanza angalia kama anastahili kupimwa. Awe macho na mwenye kukufuata kwa angalau dakika 15, aweze kuketi wima, akohoe ukimwambia akohoe, ameze mate yake bila kuchuruzika. Akihema zaidi ya mara 30 kwa dakika, au akiwa bado anahitaji oksijeni nyingi, ahirisha. Aliyetolewa mpira asubuhi hii mpe saa kadhaa, kwa utaratibu wa daktari wenu, dawa za usingizi zitoke mwilini. Mwenye tundu la kupumulia shingoni hapimwi kwa njia hii.

Msafishe kinywa kabla ya yote, ili hata akipaliwa kiingie maji safi badala ya uchafu wa meno. Mashine ya kufyonza makohozi iwe imewashwa na kujaribiwa. Mketishe nyuzi 90, au karibu na hapo kadiri anavyoweza. Mwambie aseme "aaa" na uikariri sauti hiyo, kwa kuwa utailinganisha baadaye.

Anza na kijiko cha chai, ml 5 za maji. Weka vidole viwili kwa wepesi juu ya kongomeo usikie likipanda. Subiri, mwambie aseme "aaa" tena. Rudia hadi vijiko vitatu. Akikohoa, sauti ikiloa, au kongomeo lisipopanda, simamisha hapo. Usiendelee kwa kumwonea huruma. Akipita, mpe ml 90 ulizozipima kwa bomba la sindano, kwenye kikombe, anywe mfululizo bila kupumzika. Mtazame dakika moja nzima baada ya funda la mwisho. Kukohoa, kupaliwa, sauti ya majimaji au kushindwa kumaliza bila kusimama, yote hayo ni kufeli.

Kiasi hicho kina sababu. Wengi huishia kwenye kijiko, wakaandika "anameza vizuri". Kijiko kimoja hakiliamshi koo lenye ganzi. Ml 90 za mfululizo huliamsha mara nyingi, hata kwa mgonjwa ambaye kwa vijiko angepaliwa kimya. Kifaa cha oksijeni cha kidoleni kiwepo, lakini usikitegemee peke yake, maana mtu anaweza kupaliwa na namba isishuke.

Aliyefeli: hakuna kitu mdomoni, andika kwenye faili na ubandike kitandani ili zamu ya usiku na ndugu wajue, zungumza na daktari kuhusu mpira wa kulishia unaopita puani, rudia baada ya saa 24. Kuna pia kipimo cha GUSS, kilichotungwa Austria kwa wagonjwa wa kiharusi na kutolewa 2007. Chenyewe huanza na kitu kizito, kisha maji, mwisho mkate, na kwa mgonjwa dhaifu mpangilio huo una mantiki nzuri.

Anayefeli mara kwa mara anahitaji kuonwa kwa ndani: kamera nyembamba ipitayo puani, au eksirei ya mwendo akimeza bariamu, dawa inayoonekana kwenye picha. Wataalamu wa tiba ya usemi na kumeza ni wachache kwetu. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha kwa shahada 2008. Kama yupo katika hospitali ya rufaa mnayopeleka wagonjwa, mpigieni simu hata kabla ya kumhamisha mgonjwa. Ushauri wa simu ukipatikana siku hiyo hiyo ni bora kuliko rufaa ya wiki ijayo.

SWALI: Mke wangu amepimwa, wakaandika "vinywaji kiwango cha 2". Nikauliza ni uzito gani, nikaambiwa "kama uji mwepesi". Uji wa nani? Wa mama yangu ni tofauti na wa dukani. — Mume, Mombasa

JIBU: Swali zuri sana, na kipimo chake ni cha shilingi chache. Kiwango hicho ni cha mfumo wa kimataifa uitwao IDDSI, unaoanzia 0 hadi 7, ambapo 0 ni maji na vinywaji huishia 4.

Tafuta bomba la sindano la ml 10 lisilo na sindano, ambalo umbali kutoka alama ya 0 hadi ya 10 ni milimita 61.5. Pima kwa rula, kwa kuwa mabomba hayafanani. Toa kisukumio. Ziba tundu la chini kwa kidole, jaza uji hadi 10, achia kidole, hesabu sekunde 10 kwa saa, ziba tena. Ukibaki chini ya ml 1, huo ni sawa na maji. Ml 1 hadi 4 ni kiwango cha 1, ml 4 hadi 8 ni kiwango cha 2, unachokitaka. Zaidi ya ml 8 ni cha 3, na usipodondoka kabisa ni cha 4. Uji uchujwe kwanza, kwa sababu donge moja tu likiziba tundu utadanganyika.

Pima uji ukiwa na joto lile lile atakalounywea. Uji wa moto uliosoma 2 ukipoa huweza kusoma 3. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kijiko kilichotoka mdomoni kikirudi bakulini, uji hulegea, na kufikia vijiko vya mwisho mgonjwa anakunywa kitu kingine kabisa. Mimina kidogo kwenye kibakuli chake, kingine kibaki kwenye chupa ya chai, na kilichobaki kibakulini kimwagwe. Unga wa kuongezea uzito wa madukani uliotengenezwa kwa gundi ya zanthani hauharibiwi na mate. Ule wa wanga unaharibika vilevile.

Upande wa chakula, kilicho hatari kuliko vyote ni kile chenye maji na vipande pamoja: chai yenye mkate uliochovywa, supu ya minofu, chungwa, githeri. Maji hutangulia kooni wakati mdomo bado unahangaika na kipande. Wali hutawanyika, ugali mkavu hujikusanya na kukwama. Parachichi lililopondwa, mtindi mzito uliokorogwa, viazi vilivyopondwa kwa maziwa au mtori uliosagwa hadi ukawa laini hushuka kwa pamoja. Hivyo vyote, hata hivyo, visubiri hadi wampitishe kwa chakula cha kijiko, maana cheti chako kimetaja vinywaji tu.

Na wewe unayemlisha, keti. Ukisimama juu yake atainua kidevu kukutazama, na kidevu kikiinuka njia ya hewa huwa wazi zaidi. Kaa mbele yake, macho yenu yalingane, kijiko kiwe cha chai, kiingie kutoka chini, na usilete kingine mpaka umeona kongomeo limeruka na mdomo ni mtupu. Televisheni izimwe. Akimaliza abaki ameketi dakika 30 au zaidi.

Vinywaji vizito si vya maisha. Wengi hawavipendi, wakanywa kidogo, mwili ukakauka, mkojo ukawa wa rangi ya chai. Omba apimwe tena kila baada ya siku chache.

SWALI: Mama analishwa kwa mpira wa puani. Zamu moja wanapuliza hewa kwa bomba na kusikiliza tumboni kabla ya kulisha, zamu nyingine wanavuta majimaji. Nani yuko sahihi? Pia uji unaziba kila mara. — Mwana, Kigoma

JIBU: Wanaovuta majimaji. Mlio wa hewa husikika tumboni hata mpira ukiwa umeingia kwenye pafu, kwa sababu sauti husafiri, na wagonjwa wamewahi kufa kwa kulishwa mapafuni baada ya kipimo hicho "kufaulu".

Mpira hupimwa kabla ya kuingizwa: kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, hadi ncha ya chini ya mfupa wa kidari. Namba ya sentimita inayoishia puani iandikwe. Kila kabla ya kulisha angalieni namba hiyo, vuteni majimaji kidogo, myapime kwa karatasi ya pH, yaani ya kupima asidi: 5.5 au chini ni tumbo. Anayetumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, anaweza kusoma juu zaidi hata mpira ukiwa mahali pake. Hapo, au majimaji yasipopatikana, eksirei ndiyo inayoamua. Akikohoa au kutapika kwa nguvu mpira huweza kuhama, kwa hiyo hakikisheni upya.

Kichwa cha kitanda kiwe nyuzi 30 hadi 45, saa zote za kulisha na angalau nusu saa baadaye. Chakula kishuke chenyewe, ml 200 hadi 300 kwa dakika 15 hadi 30, bomba likiwa limeinuliwa kidogo juu ya tumbo. Msisukume kwa haraka. Tumbo likijaa ghafla hurudisha, na kinachorudi hupita njia ile ile dhaifu.

Kuziba kunatokana na chenga na kutosafisha. Unga wa lishe uive vizuri, usagwe, uchujwe mara mbili. Pitisheni ml 30 za maji safi kabla na baada ya kila mlo. Ukiziba, tumieni maji ya vuguvugu kwa bomba la ml 50, mkivuta na kusukuma taratibu. Bomba dogo hutoa shinikizo kubwa linaloweza kupasua mpira. Soda haifai, asidi yake hugandisha protini. Waya msiuingize kamwe.

Uji mwembamba hautoshi. Mtu wa kilo 60 huhitaji karibu kalori 1,500 kwa siku kwa hesabu ya 25 kwa kila kilo, na vikombe sita vya uji wa sembe na maji havifiki hapo. Ongezeni maziwa, mafuta ya kula, karanga zilizosagwa laini, yai lililoiva, kwa mpango wa mtaalamu wa lishe. Kama alikaa zaidi ya siku 5 bila kula, mpango huo uanze taratibu na daktari amfuatilie, maana kumjaza ghafla huvuruga madini ya damu na moyo ukapata shida.

SWALI: Kaka yangu ana tundu shingoni na mrija wenye puto. Tumeambiwa puto likijazwa chakula hakiwezi kuingia mapafuni, kwa hiyo ale. — Dada, Nairobi

JIBU: Si kweli, dada. Puto limekaa chini ya nyuzi za sauti. Chakula kinacholifikia kimeshapita mlango. Kimeingia njia ya hewa tayari, kinalundikana juu ya puto na kupenya kidogo kidogo pembeni kupitia mikunjo yake. Likijazwa kupita kiasi linabana umio ulio nyuma na kuumiza ukuta wa koo. Shinikizo lake hupimwa kwa kifaa, liwe sentimita 20 hadi 30 za maji. Kulibinya kwa vidole si kupima. Ukiona maziwa au rangi ya chakula kwenye makohozi yanayofyonzwa, kula kusimame.

Kaka atapimwa vizuri zaidi puto likiwa limetolewa hewa, pengine na kizibo cha kuongelea. Hili lishikeni sana: kizibo hicho hakiwekwi kamwe puto likiwa limejaa. Kinaruhusu hewa kuingia tu, na ya kutoka haina pa kupita. Mgonjwa atakosa hewa mbele ya macho yenu.

SWALI: Naruhusiwa kusaga dawa zote za baba nizipitishe kwenye mpira? — Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Zenye maandishi SR, XR, CR au "retard" zimetengenezwa zitoke polepole. Nifedipine, dawa ya presha, ya aina hiyo ukiisaga, dozi ya saa nyingi huingia kwa mkupuo na presha ikaporomoka. Zenye ganda la kulinda tumbo nazo hazisagwi. Mpelekee mfamasia orodha nzima, mara nyingi kuna ya maji. Zinazokubalika saga moja moja, ichanganye na maji ml 10 hadi 15, pitisha maji kati ya dawa na dawa, na usizitie kwenye uji. Phenytoin, dawa ya kifafa, hushikwa na chakula cha mpirani ikapungua nguvu. Muulize daktari kuhusu kusimamisha chakula saa 1 hadi 2 kabla na baada yake.

SWALI: Mama hali kwa mdomo wiki ya pili sasa. Analia kiu, anaomba hata tone. Bibi anataka tumpe kijiko cha maji au barafu. Pia kuna haja gani ya kumpiga mswaki asiyekula? — Mtoto wake, Zanzibar

JIBU: Kiu hiyo ni ya kweli, na kumnyima jibu ni kumtesa. Barafu ikiyeyuka ni maji, na kijiko kwa mtu aliyelala chali humwagikia kooni bila yeye kukiamuru. Lakini mdomo unaweza kupoa bila kumeza. Lowesha kitambaa laini cha pamba kwa maji baridi, kikamue hadi kisidondoke, mpanguse midomo, ndani ya mashavu na ulimi, kila baada ya saa 2 au akiomba. Mpake mafuta midomoni.

Mswaki ndio wenye haja kubwa kuliko kwa anayekula. Kutafuna na kumeza husafisha kinywa. Asiyekula hujaa utando, na mate yenye vijidudu hivyo ndiyo anayoyavuta mapafuni usiku. Mpige mswaki laini mara mbili kwa siku, ameketi au amelala ubavu, dawa ya meno kiasi cha punje ya mahindi, uchafu ufyonzwe au upanguswe usimezwe. Meno ya bandia yatolewe na kulala nje.

Muulize mtaalamu pia kama amefikia hatua ya kupewa mafunda madogo ya maji matupu. Baadhi ya wagonjwa walio macho, wanaoketi na wasio na nimonia huruhusiwa, kwa usimamizi, baada tu ya kinywa kupigwa mswaki. Akiruhusiwa, mswaki kwanza, kisha kijiko cha chai, na bibi ndiye ampe.